Barabara Nayo Ni Shahidi

Magari mawili yagonganapo katika njia panda, hata kama hakuna aliyeumia, umati hukusanyika na hukumu hutolewa papo hapo. Mara nyingi husadikiwa mwenye sauti kubwa au mwenye gari la thamani, na dereva wa kuajiriwa huweza kupoteza kazi kwa kosa lisilo lake. Kwa maoni yangu, desturi hii haifai katika taifa linalofundisha fizikia katika shule zake za sekondari.

Barabara nayo ni shahidi. Dereva akanyagapo breki hata magurudumu yakakwama, tairi huacha michirizi juu ya lami. Nishati mwendo ya gari humalizwa na msuguano. Na kwa kuwa nishati hiyo hulingana na kipeo cha pili cha mwendo, gari lenye mwendo mara mbili huteleza umbali mara nne. Uzito wa gari haubadili hesabu, kwa maana huongeza nishati na msuguano kwa kadiri ile ile.

Tuchukue mfano. Katika eneo la makazi hapa Tanzania, ambako mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, dereva adai kuwa alikwenda kilomita 40. Lakini mchirizi wake, juu ya lami kavu na tambarare, una urefu wa mita 20. Tukikadiria kipimo cha msuguano kuwa 0.7, tunapata mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Hata tukikipunguza hadi 0.5, bado ni kilomita 50. Isitoshe, gari hilo lilisimamishwa na gari la pili, si breki peke yake. Basi mwendo wake halisi ulizidi hapo. Dai la 40 haliwezi kusimama.

Hata hivyo, tusiifanye sayansi kuwa hakimu. Huenda dereva wa pili aliingia barabara kuu bila kusimama, na hivyo kosa ni la wote wawili. Kipimo huonyesha lililotendeka. Sheria hueleza lililopasa kutendeka. Tena, magari mengi ya siku hizi yana breki zinazozuia magurudumu yasikwame, na michirizi yake huwa hafifu au haionekani kabisa. Kukosekana kwa mchirizi si ushahidi wa mwendo mdogo.

Kwa hiyo, kabla ya kuyaondoa magari ili kufungua njia, na yachorwe kwa chaki mahali pa kila gurudumu, ipigwe picha, na michirizi ipimwe kwa kamba. Ni kazi ya dakika chache, na humsaidia askari, mwenye bima na mahakama.

Nanyi walimu, msingoje ajali. Baiskeli, saa, na futi ya kupimia katika uwanja wa shule vyatosha kuithibitisha kanuni hii. Mwanafunzi aliyeipima kwa mikono yake hatakubali kesho kuhukumu kwa kelele.