Kunyoosha Meno Ukubwani: Swali la Kwanza Lisiwe Bei

Kwa muda mrefu kunyoosha meno kulihesabiwa kuwa jambo la watoto na vijana. Mtu mzima aliyekuwa na meno yaliyopandana alizoea kufunika mdomo kwa kiganja anapocheka, na mambo yakaishia hapo. Hali hiyo imebadilika tangu kampuni ya Align Technology ilipoanzishwa huko California mwaka 1997 na kuanza kuuza vifuniko angavu vya plastiki vinavyovikwa juu ya meno na kuyasogeza kidogo kidogo, bila waya. Leo matangazo ya vifuniko vya aina hiyo, kutoka kampuni nyingi, yanamfikia kwa simu ya mkononi mwongoza watalii wa Arusha, mwalimu wa Usa River na mfanyabiashara wa Tengeru. Wengi wao hufika kwa daktari wa meno wakiwa na swali moja: ni shilingi ngapi?

Swali hilo ni la haki, lakini si la kwanza. La kwanza ni kujua ni jambo gani hasa linalomsumbua anayeuliza. La pili ni kujua kama fizi na mifupa yake inaweza kuhimili kazi hiyo. Katika eneo la Mlima Meru maswali haya mawili yana uzito wa pekee, na anayeyaruka aweza kutumia akiba ya miaka kisha akabaki na huzuni ile ile aliyokuja nayo.

Sababu ya kwanza ni maji. Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina madini mengi ya floridi, nayo huyeyuka katika chemchemi, mito na visima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa; baadhi ya vyanzo vya Arusha na Arumeru hupita kiwango hicho mara kadhaa. Floridi haionekani kwa macho, na kuchemsha maji hakuiondoi. Magadi yanayotiwa katika maharage au makande nayo huongeza kiasi kinachoingia mwilini. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya kudumu yanajengeka ndani ya taya huota meno yenye madoa meupe, ya njano au ya kahawia, na hali ikiwa kali, enameli humeguka na kuacha vishimo. Wachunguzi Thylstrup na Fejerskov, waliotoa mwaka 1978 kipimo cha ukali wa hali hiyo kinachoanzia 0 hadi 9, walitegemea uchunguzi wa watu wa maeneo ya Tanzania yenye floridi nyingi. Kipimo hicho kimetumika duniani tangu wakati huo.

Kwa hiyo mtu mzima aliyekulia chini ya Mlima Meru aweza kuwa na malalamiko mawili yaliyochanganyika: mpangilio na rangi. Vifuniko angavu hutibu mpangilio tu. Havifuti doa hata moja. Tena, kwa kuwa ni angavu, rangi ya jino huonekana kupitia kwao muda wote wa tiba. Mtu ambaye kinachomuumiza moyoni ni ukahawia wa meno, akanyooshewa meno hayo kwa miezi kumi na minane, atapata meno ya kahawia yaliyonyooka. Daktari atakuwa amefanya kazi aliyoombwa, na mgonjwa hatakuwa ameridhika.

Dawa ya rangi ipo, nayo hutofautiana na ukali wa hali. Madoa mepesi huweza kupunguzwa kwa kusugua tabaka jembamba la juu la enameli au kwa kung'arisha chini ya uangalizi wa daktari. Madoa mazito huhitaji kufunikwa kwa rezini au kwa vigamba vya kauri. Baadhi ya watu, wakishatibiwa rangi, hugundua kwamba upindaji mdogo haukuwa tatizo kamwe. Wengine wanahitaji tiba zote mbili, na hapo utaratibu una maana: kwa kawaida meno hunyooshwa kwanza, vigamba hufuata, kwa kuwa kigamba kilichotengenezwa kwa jino lililopinda hakitafaa jino likishahama. Lipo pia jambo la kiufundi ambalo mgonjwa anapaswa kuelezwa mapema. Ili vifuniko vishike na kuzungusha jino, daktari hubandika vinundu vidogo vya rezini juu ya enameli. Enameli iliyoathiriwa sana na floridi haishiki gundi vizuri kama enameli ya kawaida, hivyo vinundu huweza kubanduka mara kwa mara na kurefusha tiba.

Sababu ya pili ni historia ya meno yenyewe. Wapo watu wazima waliotolewa vichipukizi vya meno utotoni kwa imani ya meno ya plastiki, ile inayohusisha homa na kuhara kwa mtoto mchanga na uvimbe wa ufizi. Kitendo hicho huweza kuharibu chonge la kudumu au kulifanya liote mahali pasipo pake. Wapo pia wazee na watu wa makamo wa jamii ya Wamaasai waliong'olewa meno mawili ya mbele ya chini kwa mujibu wa mila, na meno jirani yakaanza kuegemea pengo. Vifuniko havioteshi jino lililokosekana. Vyaweza tu kupanga nafasi ili jino la bandia likae vizuri. Halafu kuna mwanya. Waswahili wameusifu mwanya vizazi na vizazi, na hakuna sababu ya kitabibu ya kumfunga mtu mwanya aliozaliwa nao kwa kuwa picha za matangazo hazina mwanya. Ila mwanya ulioanza kupanuka ukubwani ni habari nyingine kabisa: huenda mfupa unaoshikilia meno unaliwa na ugonjwa wa fizi.

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Jino husogea kwa sababu mfupa huyeyushwa upande mmoja wa mzizi na kujengwa upande wa pili. Palipo na ugonjwa wa fizi usiotibiwa, mfupa huyeyuka bila kujengwa upya, na nguvu ya kifuniko huharakisha upotevu. Mtu aweza kuanza na meno yaliyopinda lakini imara, akamaliza na meno yaliyonyooka lakini yanayotikisika. Ndiyo maana usafishaji wa ugaga, upimaji wa kina cha fizi na picha ya eksirei ya mizizi vitangulie. Mgonjwa wa kisukari ahakikishe kwanza kwamba sukari yake imedhibitiwa. Mvutaji wa sigara aambiwe kwamba fizi zake haziponi upesi. Anayetumia dawa za kuimarisha mifupa azitaje kabla ya jambo lolote.

Akishavuka hatua hizo, mtu mzima ajipime pia kwa nidhamu yake. Vifuniko huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku, na kila jozi hubadilishwa baada ya wiki moja au mbili. Huvuliwa wakati wa kula na kunywa chochote isipokuwa maji. Mtu aliyezoea kikombe cha chai ya sukari kila baada ya saa mbili ana njia mbili: kubadili mazoea, au kuifungia sukari kati ya plastiki na jino hadi jino lioze. Mwongoza watalii anayekaa porini Serengeti siku kumi aweza kubeba jozi inayofuata, na hiyo ni nafuu ambayo waya hauna. Lakini hapana budi apige mswaki kila baada ya mlo, hata kambini. Tiba ikiisha, kifaa cha kushikilia meno huvaliwa usiku kwa miaka mingi, pengine maisha yote, la sivyo meno hurudi yalikotoka. Gharama ya kifaa hicho na ya kukibadilisha kinapochakaa iingizwe katika hesabu tangu mwanzo.

Kuhusu kuagiza vifuniko kwa posta bila kuonana na daktari, mfano wa Marekani unatosha. Kampuni ya SmileDirectClub, iliyokuwa kubwa kuliko zote katika biashara hiyo, ilifunga milango mwezi Desemba 2023, na wateja wengi wakaachwa katikati ya tiba bila mtu wa kumwendea. Madaktari bingwa wa kupanga meno ni wachache nchini, na wengi wako Dar es Salaam. Hata hivyo umbali huo si sababu ya kujitibu peke yako. Uchunguzi wa fizi na picha za eksirei vyaweza kuanza kwa daktari wa meno aliye karibu, kisha mgonjwa akaenda kwa bingwa akiwa na taarifa kamili.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wenye nafasi, na kwamba mkoa wenye watu wanaokunywa maji ya floridi hauna haja ya kujadili urembo. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Maji salama kwa watoto ndiyo kazi kubwa zaidi, na ndiyo maana kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi ya kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa. Lakini mtu mzima aliyetaniwa tangu shuleni kwa sababu ya meno yake hakujichagulia kisima alichonyweshwa. Kutaka kucheka bila kufunika mdomo ni haja ya heshima, na mhudumu wa afya asiibeze.

Anachodaiwa mhudumu huyo ni kuuliza kabla ya kutaja bei: "Ukijitazama kwenye kioo, ni kitu gani ungependa kibadilike?" Mgonjwa akijibu kwamba ni rangi, aelekezwe kwenye tiba ya rangi. Akijibu kwamba ni mpangilio, zipimwe fizi. Na mzazi aliyekuja kwa ajili ya meno yake mwenyewe asiruhusiwe kuondoka kabla hajaulizwa watoto wake wanakunywa maji ya wapi, kwa kuwa wao bado wanaweza kukingwa.