Kijana wa Kulesa, kazi iko nyuma ya mnara

Huenda unasoma haya ukiwa Kisauni au Githurai, lakini nyumbani ni Kulesa, kule ukingoni mwa Mto Tana. Jioni unampigia nyanya kumuuliza maji yamefika wapi. Simu ikikataa, lawama zote ni za mnara. Kumbe mnara ni mlango tu! Nyuma yake kuna nyaya, ruta na seva, na kuna wahandisi wanaolipwa kuhakikisha vinaelewana. Itazame kazi hiyo kabla hujakimbilia kuunda app nyingine ya kuuza mitumba.

Turudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa miaka ya tisini, ukiwa Nairobi ukimwandikia barua pepe jirani anayehudumiwa na kampuni nyingine ya intaneti, ujumbe ulipaa hadi kwenye setilaiti, kilomita 36,000 juu, ukashukia ng'ambo, halafu ukarudi Nairobi. Safari yote hiyo ililipiwa kwa pesa za kigeni. Kampuni zikakubaliana, kupitia chama chao TESPOK, kuanzisha KIXP mwaka 2000, ili data ya hapa ibadilishwe hapa hapa. Haikudumu. Telkom ililalamika kwamba ukiritimba wake umeingiliwa, Tume ya Mawasiliano ikaifunga, na ikafunguliwa tena Februari 2002. Vifaa vyenyewe vingetosha juu ya meza. Kilichochukua muda ni kushawishi wakubwa.

Mei 2024, mafuriko yakiwa yamewafurusha watu Tana Delta, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari na intaneti ikajikokota Afrika Mashariki. Data inayoanzia na kuishia nchini haina haja ya kupita baharini. Ndiyo maana kazi hii si ya kujifurahisha.

Sasa sikia utamu wake. Seva nyingi duniani zinaendeshwa na Linux, na vituo vingi kama KIXP hutumia BIRD, programu iliyoandikwa Ucheki ya kuelekeza data njia. Zote ni programu huria: unazipakua bure, unasoma msimbo wake, ukiona kosa unatuma marekebisho. Hutaulizwa umesomea wapi. Watachambua ulichoandika, pengine wakikatae mara tatu, na mara nyingi hulipwi chochote. Lakini kinabaki hadharani kwa jina lako, na mwajiri anaweza kukisoma mwenyewe. Mimi naona hicho kinashinda vyeti vya semina.

Ila tusidanganyane. Programu ni bure, bando si bure, na kompyuta ndiyo kabisa. Serikali imeahidi kilomita 100,000 za nyaya na vituo 1,450 vya kidijitali, yaani kimoja kila wadi. Safi. Lakini humo ndani utafundishwa nini? Tangu 2016, Ajira Digital imewaelekeza vijana kwenye vibarua vya mtandaoni, kama kunakili sauti na kuingiza data, kazi ambazo akili unde sasa inazimeza mchana kweupe.

Kwa hivyo diwani akija kuomba kura huko Garsen, usimuulize tu kituo kitafunguliwa lini. Muulize kama kitakuwa na kompyuta kuukuu mbili na ruta moja ambazo msichana wa Kulesa ataruhusiwa kuzifungua, kuziharibu na kuziunganisha upya bila kufukuzwa.