Kuwachua Watoto: Tusiishie Arobaini



Ndugu wazazi pamoja na wanafunzi wetu, hivi karibuni hapa madrasani Nakivale tulinyoosha mkono kumweka sawa kofia mvulana wa miaka tisa. Hakuwa na kosa lolote, na sura yake alikuwa ameisoma vizuri. Lakini alipouona mkono unakuja alijikunja, akafunika masikio kwa viganja vyote viwili. Tuliona haya mbele ya darasa zima. Ni nani aliyemfundisha kwamba mkono wa mtu mzima ukija, unakuja kupiga? Wazazi wana sehemu yao, na sisi walimu tuna yetu. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 imekataza viboko shuleni, lakini mazoea ya mkono hayafutwi na karatasi.

Tukakumbuka kwamba mtoto huyuhuyu alipozaliwa alikuwa akichuliwa kila siku.

Makazi haya yapo tangu 1958, na kila watu waliokuja wamekuja na mafuta yao. Mama wa Kisomali anamchua mwanawe kwa mafuta ya ufuta, ambao hapa Uganda tunauita simsim. Wazee wa Kinyankole na wa Kinyarwanda wanasimulia samli ya ng'ombe. Waliotoka pwani wanajua kukandwa kwa mama na mtoto siku zote arobaini. Basi arobaini ikiisha, au mtoto akianza kutembea, kazi inakwisha. Tangu hapo mkono unaomfikia ni wa kumsukuma aende kisimani au wa kumvuta sikio. Hapo ndipo tunapokosea, kwa maoni yetu.

Faida ya kuchua si hadithi za bibi tu. Mwaka 1986 Tiffany Field na wenzake kule Marekani walichapisha utafiti juu ya watoto njiti 40. Nusu yao walichuliwa mara tatu kwa siku, dakika 15 kila mara, kwa siku kumi. Hao waliongezeka uzito kwa asilimia 47 zaidi ya wenzao, na wakaruhusiwa kutoka hospitali kama siku sita mapema. Baadaye ilionekana pia kwamba mkono uwe na uzito kidogo. Kupapasa kwa vidole tu humtekenya mtoto na kumuudhi.

Na kwa wakubwa je? Mwaka 1992 watafiti hao walichukua watoto na vijana 52 waliolazwa kwa huzuni na msongo wa mawazo. Waliochuliwa mgongo nusu saa kila siku, kwa siku tano, walipungukiwa na hofu na huzuni kuliko waliotazamishwa video za kutuliza, na usiku walilala zaidi. Ndugu zangu, katika makazi haya tunao vijana wangapi wasiolala kwa yale waliyoyaona njiani? Hatusemi kuchua kutafuta hayo. Tunasema kijana anayelala vizuri ni nusu ya kazi.

Wapo akina baba watakaosema hayo ni mambo ya wanawake. Tunawakumbusha kisa cha al-Aqra' bin Habis, aliyemwona Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) akimbusu mjukuu wake, akajisifu kuwa ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja. Jibu alilopewa mnalijua, maana tunalifundisha kila mwaka. Mwanamume kupaka mafuta miguu ya mwanawe hakumpunguzii kitu.

Kuhusu mafuta, si lazima yawe ya gharama. Utafiti wa Bangladesh uliotoka 2005 ulionyesha kuwa watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walipatwa na maambukizi machache hospitalini kuliko wasiopakwa. Alizeti inalimwa kaskazini mwa nchi yetu, na mafuta yake yapo dukani. Nawa mikono, ipashe joto, ngoja maziwa yashuke, anza na miguu. Tumbo lizungushe kufuata mshale wa saa. Akilia, acha, jaribu kesho.

Sasa tuseme na mabaya, kwa sababu yapo. Mtoto mwenye homa hapelekwi kwa bibi wa kuchua, anapelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo, malaria haingoji. Aliyeanguka na mkono ukavimba asichuliwe kabisa, huenda mfupa umevunjika. Kuminya matiti ya kichanga, kumkandamiza kichwa ili kipate umbo, kumtia mafuta puani au masikioni, kumning'iniza kwa miguu, yote hayo tuyaache. Na wale wanaong'oa ufizi wa mtoto wakisema wametoa “ebiino”, hao wanaua watoto wetu kwa kisu kichafu.

Mwenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo, viungo vikikaza, asijikandie kwa kubahatisha. Ruharo, Mbarara, kwenye hospitali ya misheni, kuna kituo cha OURS kinachohudumia watoto wenye ulemavu. Wataalamu wa viungo watamwonyesha mama namna ya kumnyoosha mtoto nyumbani. Safari ni ndefu, tunajua, lakini mkono uliofundishwa haulingani na wa kukisia.

Kwa waliokaribia kubaleghe adabu inabadilika. Baba kwa mvulana, mama kwa binti, nguo mwilini: mabega, mgongo juu ya shati, nyayo baada ya mpira au wiki ya mitihani. Muulize kwanza. Akisema hataki, hataki. Na wala asiwepo mwalimu, jirani au mjomba yeyote anayejitolea kumchua mtoto wako faragha, hata awe na kilemba kikubwa kiasi gani. Sisi walimu tumo katika katazo hilo kabla ya wengine.

Baba wa yule mvulana tumeshazungumza naye. Alinyamaza sana, kisha akauliza kama mafuta ya kupikia yanafaa kwa miguu ya mtoto. Tukamwambia ya alizeti yanafaa, ilimradi hayajakaangiwa samaki.