Zimefungiwa 69, madeni yake nani kayafuta?

Makamanda, kila bajeti ikisomwa tunasikia wimbo uleule: huduma jumuishi za fedha zimepaa. Kwa namba ni kweli. FinScope ya 2023 inasema asilimia 76 ya watu wazima wanatumia huduma rasmi za fedha, kutoka 65 mwaka 2017. Ila wanaotumia benki ni 22 tu kati ya kila 100. Wengi wetu tumeingia kwenye hesabu hiyo kwa laini ya simu.

Na tazameni tulivyopokelewa. Mwaka 2021 Bunge lile la kijani liliongeza kifungu kwenye Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, na tarehe 15 Julai tukaanza kukatwa tozo ya shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, juu ya makato ya kampuni za simu. Mama akituma nauli anakatwa, mwanae akienda kuitoa anakatwa. Kelele zetu ndizo zilizoipunguza mwaka huohuo, ikapunguzwa tena 2022, na 2023 ikaondolewa kwenye kutuma. Asitokee mtu kutuambia ilikuwa huruma.

Walipokuwa wepesi hivyo kutukata, mbona kutulinda wanasuasua?

Januari 2024 Benki Kuu ilihamia mfumo mpya wa sera ya fedha unaoongozwa na riba, ikaanza na asilimia 5.5 kwa mwaka. Safi, wachumi wakapiga makofi. Mwenzetu wa hosteli, bumu limechelewa, akaomba 50,000 kwenye aplikesheni ya mkopo. Ikaingia 35,000. Siku ya saba anadaiwa 50,000 kamili. Hiyo ni karibu asilimia 43 ndani ya wiki moja! Ukomo uliowekwa na Benki Kuu hiyohiyo kwa wakopeshaji wa daraja la pili ni asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani 42 kwa mwaka mzima. Alipochelewa siku mbili, meseji zikaenda kwa mama yake, kwa mchungaji, mpaka kwa fundi cherehani: "huyu ni tapeli."

Wapo watakaosema hakulazimishwa kukopa. Sawa, hakulazimishwa. Lakini je, huyo aliyemkopesha aliruhusiwa?

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni. Mwongozo wa wakopeshaji wa kidijitali umetoka Agosti 2024, miaka sita baadaye. Novemba mwaka huo Benki Kuu ikatangaza majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila kibali, ikatuonya tusizitumie. Vizuri. Na aliyekwishakopa je?

Kifungu cha 23 cha Sheria ya Mikataba, kitu cha mwaka wa kwanza kabisa darasani, kinasema mkataba ambao lengo lake limekatazwa na sheria ni batili. Kwa hoja yangu, asiye na leseni hana riba ya kudai mahakamani. Wakili wake atabisha, na abishe, ila abishe mbele ya jaji, siyo kwa meseji za matusi saa nane usiku. Benki Kuu itoke iseme wazi madeni ya hizo 69 yana hadhi gani kisheria. Kuzitaja majina tu haitoshi. Kesho zinarudi na nembo mpya.

Halafu kuna hizo namba za simu walizozichota. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, Tume ipo, na malalamiko yanapokelewa. Kwa hiyo usifute meseji hata moja. Piga picha ya skrini, tunza muamala unaoonyesha kiasi kilichoingia na kiasi kinachodaiwa, andika tarehe. Sisi tunaosoma sheria tutakaa na makatibu wa matawi ya vyuo tuyaandike malalamiko haya vizuri, moja baada ya jingine, tuyapeleke Dodoma yakiwa rundo.