Maji Kupwa Si Kasoro ya Pwani

Kila msimu wa harusi ushauri ni uleule. Maharusi wakiuliza fungate yao Zanzibar wakaifanyie wapi, hujibiwa: nendeni Nungwi au Kendwa, huko maji yapo saa zote, Paje na Jambiani msithubutu, bahari inakimbia, mtabaki kutazama matope. Wanaosema hivyo wana nia njema. Lakini ushauri wenyewe ni mbovu, na pwani inaumia kwa sababu yake.

Kwanza, si matope. Kati ya ufuo wa Jambiani na mwamba wa matumbawe, kule yanakovunjikia mawimbi, kuna uwanda mpana wa mchanga mweupe, majani ya baharini na vidimbwi. Bahari hii hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, kimo cha maji hupanda na kushuka mita nne hivi. Nungwi chini kunateremka haraka, kwa hiyo maji hayaendi mbali. Mashariki ni tambarare. Yakiondoka, yameondoka kweli.

Na hapo ndipo pwani inapoamka. Asubuhi ya bamvua wanawake wa Paje na Jambiani huingia na viroba, kamba na vigingi. Kilimo cha mwani kilianza huku mwishoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo wakulima wengi ni wanawake. Mtazame mmoja akiwa kazini. Kamba imevutwa kati ya vigingi viwili. Anafunga kishada cha mwani kwa kijikamba, anasogea kidogo, anafunga kingine, mpaka kamba iishe. Mgongo umeinama muda wote, maji yako magotini, na kila mara anainua macho kuelekea mwambani, maana maji yakianza kurudi hayamngoji mtu. Joto la bahari limekuwa likiua kotonii, mwani wenye bei nzuri, na wengi wamebaki na spinosamu ambao bei yake ni ndogo. Mbele yao wengine wanatafuta pweza katika mashimo ya mawe. Haya yote ndiyo tunayowaambia maharusi wayakwepe, ati pwani imeharibika!

Wanaoogopa kukosa pa kuogelea hawajapiga hesabu ya saa. Siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kufikia saa kumi jioni yamejaa tena hadi karibu na minazi. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kutembea hadi karibu na mwamba baada ya kifungua kinywa, wakala mchana, kisha wakaogelea mbele ya nyumba yao ya wageni jioni hiyohiyo. Anayewaambia mashariki hakuna maji, muulizeni alifika saa ngapi.

Dhana hii ina gharama. Ili mgeni aogelee hata maji yakiwa yamekupwa, baadhi ya hoteli za mashariki zimejenga magati marefu ya mbao juu ya uwanda ambao wanakijiji wanapitia kwenda kutafuta riziki. Na kila tukimfundisha mgeni kwamba bahari nzuri ni ile isiyoondoka, tunaipa nguvu sauti inayoviona vigingi vya mwani kuwa uchafu mbele ya hoteli. Mimi nasema vigingi hivyo vina haki ya kuwapo kuliko vitanda vya jua.

Basi, maharusi, kabla ya kulipia chumba tazameni mwezi. Chagueni siku za bamvua, mbebe viatu vya maji kwa sababu ya miiba, na mmtafute kijana wa kijijini awaongoze kwa malipo ya haki. Msikubali nahodha awatolee kiti cha pweza majini ili mpige picha. Nje ya maji kiumbe hicho hakichukui muda kufa. Mkitaka kuwapiga picha akina mama mwanini, wapeni salamu kwanza, muombe ruhusa, na mkikataliwa mwende zenu. Wako kazini, na maji yanarudi.