Baiskeli Imeharibika: Tutengeneze au Tununue Nyingine?



Huenda ukashangaa kukuta habari za baiskeli katika kitabu cha marudio. Lakini wengi wenu hapa Pemba mnafika skuli kwa baiskeli, vilima vya kisiwa hiki mkivipanda na kuvishuka kila siku. Baiskeli ikiharibika mwezi wa Agosti, kinachopotea ni saa za marudio ya jioni, na mtihani wa Novemba hausubiri mtu. Kwa hiyo uamuzi wa kutengeneza au kununua nyingine ni sehemu ya maandalizi yako.

Nazungumzia ile baiskeli ya gia ya bei nafuu, yenye matairi mapana na springi mbele, pengine na nyuma pia. Imepambwa ifanane na baiskeli za mashindano ya milimani, lakini vifaa vyake si vya kiwango hicho. Ikishapigwa na mvua za masika mara mbili tatu, gia hukwama, mnyororo huruka na breki hazishiki. Hapo mjadala huanza nyumbani: mtoto anataka mpya, mzazi anasema ipelekwe kwa fundi.

Maoni yangu ni haya: itengenezwe, isipokuwa fremu au uma wa mbele una ufa. Wingi wa makosa mengine usikutishe.

Fremu ndiyo baiskeli yenyewe. Vilivyobaki karibu vyote hubadilishwa kimoja kimoja. Basi kabla ya kuuliza bei yoyote, ioshe baiskeli na uikague juani. Angalia viungo vya mabomba: chini ya shingo ya usukani, kwenye bomba la kiti, karibu na pedali na kwenye uma. Mstari mwembamba uliopasua rangi, hasa ukitoa kutu, ni dalili ya ufa.

Kisha chukua sumaku. Ikinasa, fremu ni ya chuma, na fundi wa kuchomelea anaweza kuitengeneza baadhi ya sehemu zake. Isiponasa, huenda ni ya aluminiamu. Hiyo si kazi ya kila fundi, na hata mshono ukishika, joto hudhoofisha bomba kando yake. Ufa ukiwa kwenye shingo au kwenye uma, usichomelee kitu, iwe chuma au aluminiamu. Ukikatika ukiwa kwenye mteremko, hautakupa nafasi ya kujiokoa. Hapo nunua nyingine bila kujadiliana.

Fremu ikiwa nzima, anza na breki. Raba na waya za breki ni vitu vya bei ndogo, lakini ndivyo vinavyokurudisha nyumbani salama. Halafu pima mnyororo kwa rula iliyomo kwenye mkebe wako wa hisabati. Anza katikati ya pini moja, hesabu pini 20 zinazofuata, kisha soma urefu. Mnyororo mpya utakupa sentimita 25.4. Ukizidi kwa milimita moja, umeanza kuchakaa, na kuubadilisha mapema kutaokoa meno ya gia. Ukizidi kwa zaidi ya milimita mbili, pengine meno nayo yamekwisha, na utanunua vyote viwili. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kutu nayo unaijua kutoka somo la Kemia: chuma hupata kutu kikikutana na maji na oksijeni, na chumvi huharakisha kazi hiyo. Sisi tunaishi kisiwani. Kitambaa kikavu na matone machache ya mafuta kila wiki ni nafuu kuliko mnyororo mpya.

Gia zikikataa kabisa, usikimbilie kununua seti nzima. Mwambie fundi aziondoe na abakishe gia moja. Wapo watakaosema kwamba vilima vyetu havipandiki bila gia. Tufanye hesabu. Gurudumu la inchi 26 lina kipenyo cha sentimita 66 hivi. Zidisha kwa 22/7, unapata mzingo wa mita 2.07. Ukiweka meno 42 mbele na 14 nyuma, kila mzunguko wa pedali unakupeleka kama mita 6.2, lakini kilimani miguu itakufa ganzi. Ukiweka meno 34 mbele na 17 nyuma, unakwenda kama mita 4.1 tu, na kilima kinapandika. Ndiyo kanuni ya mashine rahisi: ukipunguza nguvu unayotumia, unaongeza mwendo wa kufanyia kazi. Ila baiskeli ikiwa na springi nyuma, mkumbushe fundi, maana springi inapocheza mnyororo hulegea na kukaza.

Sasa tuje kwenye pesa. Tuseme matengenezo ni shilingi 45,000 na yatakupeleka miezi 9. Hiyo ni 5,000 kwa mwezi. Tuseme nyingine ya mtumba ni shilingi 180,000 nayo itadumu miezi 24. Hiyo ni 7,500 kwa mwezi. Weka bei halisi za fundi wako na za duka lako, kisha linganisha. Jibu likigeuka, nawe geuka. Lakini usiingize katika hesabu pesa mlizokwishatumia mwaka jana. Hizo hazirudi, uamue hivi au vile.

Wengine watasema mpya haina matatizo. Baiskeli mpya ya bei ileile ina vifaa vya aina ileile, na hewa ya chumvi ni ileile. Ya mtumba nayo inakuja na maradhi usiyoyajua. Hii uliyonayo angalau unajua inapouma.

Kuna na jambo ambalo vijana hawalisemi: aibu. Baiskeli ya gia moja, yenye rangi iliyobabuka, haipendezi mbele ya wenzako. Naelewa. Lakini mchagua jembe si mkulima. Pesa za karafuu zikiingia nyumbani, zinangojewa na paa, deni la duka na ada ya mdogo wako. Mzazi akikununulia mpya kwa sababu umenuna, kuna kitu kingine kimeachwa, hata kama hukukiona.

Basi wiki hii ikague fremu, pima mnyororo, uliza bei mbili na uandike hesabu yako kwenye karatasi. Mpelekee baba au mama karatasi hiyo, uwaeleze kwa adabu. Kama ni kutengeneza, ifike kwa fundi kabla ya Oktoba, ili matatizo yatakayobaki yajitokeze ukiwa bado na muda. Asubuhi ya mtihani si wakati wa kujaribu breki.