Shinikizo la mkono lina haki yake

Muhtaram mwandishi, nimeisoma makala yako juu ya ukamuaji wa mafuta kwa makini hapa Kawangware 46, nami nakubaliana nawe katika mengi, illa pale ulipohukumu kwamba shinikizo la mkono ni chombo cha kupoteza mbegu na jasho. Ni kweli kwamba mashine ya parafujo iendeshwayo kwa umeme hukamua mafuta mengi zaidi. Lakini shinikizo la wenzo alilolibuni Carl Bielenberg huko Arusha mwaka 1985, ambalo shirika la ApproTEC la hapa Nairobi likaja kulieneza kwa jina la Mafuta Mali, lilikusudiwa kumpa mtu asiye na umeme wala rasilimali kubwa njia ya kujikamulia alizeti yake mwenyewe. Jirani yangu hufanya kazi hiyo uani kwake, nami nimeushika wenzo huo mara nyingi: mbegu nyeusi zenye ganda jembamba, zikianikwa juani hata zikapata moto, hutoa mafuta kwa wepesi, ilhali zile za mistari, zenye ganda nene, huchosha mikono, na sehemu ya mafuta hunywewa na maganda. Basi nanyi ndugu zangu mnaobishana hapo juu kuhusu bei za mashine, ulizeni kwanza habari za mbegu. Na mashudu, ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyeyataja, hayatupwi abadan: kwa kuwa shinikizo hilo huyaachia mafuta kiasi, wafugaji wa kuku huku kwetu huyanunua siku iyo hiyo.